Kuandaa Maadhimisho ya Siku za Kimataifa za Mwezi Juni: Mwongozo kwa Kamati za Mitaa ya Tanga

Mwezi Juni una siku za kimataifa nyingi kuliko uwezo wa kamati yoyote ya mtaa. Juni mosi peke yake ni Siku ya Wazazi na pia Siku ya Maziwa Duniani. Juni 3 ni ya baiskeli, Juni 5 ya mazingira, Juni 7 ya usalama wa chakula, Juni 8 ya bahari, Juni 12 ya kupinga utumikishwaji wa watoto, Juni 13 ya uelewa kuhusu ualbino, Juni 14 ya wachangia damu, Juni 15 ya kupinga ukatili dhidi ya wazee na Juni 16 ya Mtoto wa Afrika. Zinafuata siku ya kupambana na jangwa na ukame tarehe 17, seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tarehe 19, wakimbizi tarehe 20, wajane tarehe 23, ambayo pia ni Siku ya Utumishi wa Umma, mabaharia tarehe 25, na tarehe 26 siku ya kupiga vita dawa za kulevya. Na hapo sijazimaliza.

Nimeshika kazi ya ukatibu wa kamati ya maadhimisho mtaani kwetu, hapa Tanga mjini, kwa miaka kadhaa. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika siku 11 kwenye bango moja na kuahidi shughuli kwa kila siku. Kufikia katikati ya mwezi wajumbe walikuwa wamechoka, fedha za maji ya kunywa zilikuwa zimekwisha, na siku tuliyoitaka kuliko zote, ile ya kuchangia damu, ilipata watu 6. Tangu hapo tunachagua siku 4 tu, na kila tuliyoichagua tunaipangia saa inayoendana na maisha ya watu wa hapa. Tarehe imekwisha kupangwa na dunia, lakini saa, mahali na sababu ya mtu kutoka nyumbani kwake ni mambo ya kupangwa na sisi.

Kuchagua siku

Kamati ikae mapema, si baada ya katikati ya Aprili, na mezani pawe na kalenda ya Umoja wa Mataifa. Ni vizuri kila siku inayopendekezwa ijulikane imetoka wapi, kwa sababu mgeni rasmi atauliza na watoto watauliza zaidi. Siku ya Mazingira iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1972, mwaka ule ule wa mkutano wa Stockholm kuhusu mazingira. Siku ya Bahari ilipendekezwa mwaka 1992 kwenye mkutano wa Rio de Janeiro, lakini ilisubiri hadi 2008 ndipo Umoja wa Mataifa ukaipitisha. Siku ya Kupinga Utumikishwaji wa Watoto ilianzishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2002. Siku ya Mtoto wa Afrika ni yetu wenyewe Waafrika: iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika na imeadhimishwa tangu 1991, kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliouawa Juni 16, 1976, walipoandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Ukikutana na siku isiyo na chombo chochote kilichoitangaza, iache. Zipo nyingi zinazosambazwa kwenye simu ambazo kazi yake ni kuuza bidhaa.

Baada ya hapo, kwa kila siku jiulizeni nani katika mtaa huu atapata kitu asichokuwa nacho jana. Jibu likiwa ni "watu wataelimika" bila kumtaja mtu wala kitu, siku hiyo ipite salama. Kwa kipimo hicho, Siku ya Baiskeli, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 na ambayo katika miji mingi ingeonekana jambo dogo, hapa Tanga ina uzito, kwa kuwa mji wetu ni tambarare na baiskeli ni chombo cha mama anayekwenda sokoni, cha fundi na cha mwanafunzi. Fundi baiskeli mmoja akikubali kukaa asubuhi nzima chini ya mwembe akikaza breki na kubandika vioo vya nyuma kwa gharama ya kamati, hiyo ni adhimisho kamili na halihitaji hotuba.

Sisi tumekuwa tukichagua bahari, ualbino, damu na mtoto wa Afrika. Mtaa wenye wafugaji wa ng'ombe wa maziwa unaweza kuona kwamba Juni mosi inawafaa zaidi. Mtaa unaoishi na vijana walioathirika na dawa za kulevya hauna sababu ya kuiruka Juni 26.

Kuweka kalenda ya Tanga juu ya kalenda ya dunia

Hapa ndipo kamati nyingi zinapoteleza. Kalenda ya dunia haijui kwamba katika miaka ya karibuni muhula wa kwanza wa shule zetu umekuwa ukifungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo anayetegemea walimu wampangie watoto mstarini tarehe 16 atakuta geti limefungwa. Watoto wakati huo wako nyumbani, madrasa, viwanja vya mpira na, kwa bahati mbaya, wengine wako kwenye vibarua. Barua ya mwaliko iende kwa masheikh wa madrasa, kwa walimu wa shule za Jumapili na kwa makocha wa timu za watoto.

Ijumaa nayo ina hesabu yake. Mwaka 2026, Juni 5, 12, 19 na 26 zote ni Ijumaa, yaani mazingira, utumikishwaji wa watoto, seli mundu na dawa za kulevya zimeangukia siku ambayo katika mji wetu shughuli ya hadhara inapaswa kuwa imefungwa kabla ya saa tano asubuhi, ili watu wapate nafasi ya kuoga na kwenda msikitini bila haraka. Idd el Hajj nayo husogea kila mwaka: mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, jirani kabisa na Siku ya Mazingira, na waliopanga kufagia mitaa siku hizo walikuta kila mtu yuko kwenye maandalizi ya sikukuu.

Jambo la mwisho katika hili ni fedha. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa Serikali, na ofisi nyingi zinapofika Juni zinafunga hesabu. Ombi la mchango linalofika ofisini mwezi Mei limechelewa. Peleka Machi au Aprili, au panga shughuli isiyohitaji fedha za ofisi hata kidogo.

Juni 8: bahari na maji yake

Mwaka mmoja tuliitisha usafi wa ufukwe Sahare saa tatu na nusu asubuhi. Tulikuwa na mifuko, glavu na vijana wapatao 40 wenye ari. Tulipofika, maji yalikuwa yamekuja juu, yametulia, na sehemu tuliyotaka kusafisha iko chini yake. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando ya ngalawa alitupokea kwa upole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo maji mafu. Mtaokota nini humu? Mngeniuliza, ningewaambia mje bamvu."

Tangu siku ile, mtu wa kwanza tunayemwendea tunapopanga Siku ya Bahari ni mvuvi. Kanuni yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia karibu na saa nne asubuhi. Ufuko unabaki wazi hadi mbali, na taka zilizonasa kwenye mizizi ya mikoko zinaonekana zote. Mwezi unapokuwa nusu, maji ni mafu: hayajai sana wala hayatoki sana, na asubuhi ndiyo wakati wa kujaa huku kupwa kukisogea hadi alasiri. Kila siku nyakati hizi huchelewa kwa takribani dakika 50.

Sasa tazama mwaka 2026. Juni 8 ni siku ya nusu ya mwezi unaokwisha, kwa hiyo ni maji mafu. Anayetaka kuadhimisha siku yenyewe apange kazi ya ufukweni alasiri, baada ya saa tisa. Anayetaka ufuko ulio wazi asubuhi asubiri hadi tarehe 16 au 17, mwezi ukiwa ndio kwanza unaandama, na akiwa na busara ataunganisha usafi huo na Siku ya Mtoto wa Afrika, awapeleke watoto wakati maji yametoka wakaone kaa, majani ya bahari na nyota za bahari katika vidimbwi, mtu mzima mmoja kwa kila watoto 8, na wote wawe wamerudi nchi kavu kabla maji hayajageuka.

Ninaomba pia tahadhari kuhusu upandaji wa mikoko, ambao umekuwa kama sharti la siku hizi. Mikoko haioti popote penye tope. Mlilana na mchu huvumilia upande wa bahari, mkandaa unapenda nyuma karibu na nchi kavu, na mkoko wenyewe hukaa katikati, kwenye tope la mikondo. Ukichomeka mbegu za mkoko kwenye ufuko ulio wazi, mahali ambapo haijawahi kuwapo miti, mawimbi yatazing'oa, na huenda ukaharibu majani ya bahari ambayo samaki wadogo hujifichia. Panda mahali palipokatwa miti, na aina ile ile iliyokatwa. Wazee wa pwani wanakumbuka palikuwa na nini.

Kama kuna nafasi ya maneno, waelezeni watoto habari za silikanti. Wataalamu waliamini samaki huyu alitoweka zamani za dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wetu wa Tanga wakaanza kumpata kwenye nyavu za jarife zilizotegwa katika maji ya kina. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili hiyo. Mtoto akijua kwamba samaki wa namna hiyo anaishi mbele ya mji wake, hahitaji kushawishiwa kwamba kuvua kwa baruti ni uharibifu.

Juni 13: kivuli kwanza

Umoja wa Mataifa uliipitisha Siku ya Uelewa kuhusu Ualbino Desemba 2014 na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Nchi yetu ina deni kubwa katika jambo hili kwa sababu ya mauaji na ukataji wa viungo vya ndugu zetu, na anayeandaa siku hii asione haya kulitaja kwa jina lake.

Lakini nimehudhuria adhimisho ambalo watu wenye ualbino waliketishwa uwanjani saa sita mchana, mstari wa mbele, juani, wakimsubiri mgeni rasmi aliyechelewa. Mama mmoja alikuwa amemfunika mtoto wake kwa khanga kichwani hadi magotini, na khanga hiyo ndiyo ilikuwa hema lake kwa muda wa saa mbili. Saratani ya ngozi ni hatari kubwa kwa mtu mwenye ualbino, na jua la pwani halina huruma. Kwa hiyo shughuli ifanyike ukumbini, au chini ya hema lenye kuta upande wa jua, au baada ya saa kumi na nusu alasiri. Maandishi yote yawe ya herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kwa sababu wengi wao wana uoni hafifu. Viti vya mbele viwe vyao kwa sababu hiyo ya macho, na asilazimishwe mtu kusimama mbele kutazamwa.

Mshirikisheni Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania tangu siku ya kupanga. Zawadi inayofaa ni mafuta ya kukinga ngozi na miale ya jua na kofia za ukingo mpana. Mafuta ya namna hiyo hutengenezwa hapa nchini, Moshi. Lugha ya mwendesha shughuli ikaguliwe kabla hajashika kipaza sauti. Tunasema "mtu mwenye ualbino", na yale majina mengine yasisikike hata kwa utani.

Juni 14 na 19: damu na seli mundu

Siku ya Wachangia Damu ni siku ya kuzaliwa kwa Karl Landsteiner, aliyezaliwa Juni 14, 1868, na ambaye ndiye aliyegundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20. Siku 5 baadaye ni Siku ya Seli Mundu. Mimi naziona kuwa shughuli moja yenye ncha mbili, kwa kuwa baadhi ya watoto wenye seli mundu huishi kwa kuongezewa damu ya watu wasiowajua, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Tarehe 14 mkusanye damu, tarehe 19 mzungumze na wazazi. Waelezwe kwamba ugonjwa hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba baba na mama wakiwa wote ni wabebaji, yaani wana chembe ya urithi ya ugonjwa bila wenyewe kuugua, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Hakuna laana hapo, wala hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Kukusanya damu hakufanywi na kamati. Andikeni barua kwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama kupitia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, si chini ya mwezi mmoja kabla, mkiomba timu na vifaa. Kazi ya kamati ni kuleta watu, na kuwaleta waliostahili. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na asiwe mjamzito wala anayenyonyesha. Mambo haya yatangazwe wiki nzima kabla, kwa sababu hakuna kinachovunja moyo kama kijana kupanga foleni saa nzima kisha mzani ukamrudisha. Atangaziwe pia kwamba ale na anywe maji mengi kabla ya kuja, na kwamba damu yake itapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Wapo wanaoogopa upimaji huo, na ni haki yao kujua mapema kuliko kuambiwa sindano ikiwa mkononi.

Mwaka 2026 tarehe 14 ni Jumapili. Tumeamua kuweka vitanda karibu na kanisa wakati ibada inapotoka, na kuendelea hadi baada ya adhuhuri ili waliotoka msikitini nao wafike. Baada ya kuchangia mtu apumzike kitini walau dakika 10, apewe kitu cha kunywa chenye sukari, na asipande baiskeli mara moja. Wekeni mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu ya kuwaangalia waliokaa.

Barua, vibali na siku yenyewe

Barua ya kuomba uwanja iende kwa Mtendaji wa Kata kupitia Mtendaji wa Mtaa, na kichwa chake kiseme jambo moja: "YAH: OMBI LA KUTUMIA UWANJA TAREHE 16 JUNI, SAA 2:00 HADI SAA 4:30 ASUBUHI". Nakala apewe Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kaulimbiu rasmi ya mwaka kwa Kiswahili. Msijitafsirie kaulimbiu wenyewe; nimewahi kuona mabango mawili katika kata moja yenye maneno tofauti kwa siku moja. Kama mtatembea barabarani kwa maandamano, taarifa ya maandishi ifike kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya angalau saa 48 kabla, na mimi hupeleka wiki mbili kabla ili wapange askari wa usalama barabarani.

Hotuba ziwe mbili, kila moja isizidi dakika 10. Mgeni rasmi aambiwe hivyo kwenye barua ya mwaliko, kwa adabu, na ratiba ioneshe dakika zake. Siku ya Mtoto wa Afrika, mmoja wa wasemaji awe mtoto, na aandike maneno yake mwenyewe. Mwaka jana binti wa darasa la sita alisimama mbele ya wazazi akaeleza kwamba wenzake wawili hukosa shule siku za mnada wa samaki kwa sababu ya kubeba ndoo, na wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa mtaa alikwenda kwenye nyumba hizo. Wasia huo ulikuwa wa dakika 3.

Daftari la siku lisiwe la mahudhurio matupu. Kwa siku ya damu andikeni jina, namba ya simu kwa ridhaa ya mwenyewe, na jinsia, kisha daftari likae kwa katibu chini ya kufuli. Damu inayohifadhiwa haidumu. Kutegemea dawa ya kuihifadhi, chembe nyekundu hukaa siku 35 hadi 42, kwa hiyo ya Juni haitafika mwisho wa Agosti. Mwanamume anaweza kuchangia tena baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4. Hesabu kutoka Juni 14: wanaume wapigiwe simu kuanzia Septemba 14, na wanawake kuanzia Oktoba 14, ambayo ni sikukuu ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ofisi zikiwa zimefungwa na watu wakiwa nyumbani. Barua ya kuwaomba watu wa Bombo warudi siku hiyo ni vizuri iandikwe Julai, daftari likiwa bado jipya.